Mchungaji anataka nichague: maombi au mwanasaikolojia

Mama Mshauri,

Ninakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mkazi wa Katuba hapa Lubumbashi, baba wa watoto wanne, na kwa miaka 11 nimekuwa mwongozaji wa kwaya katika kanisa letu.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mimi na mdogo wangu tulikwenda Likasi kwenye ndoa ya binamu yetu. Jioni ilipofika, mama yetu, ambaye anaishi huko, alitusihi tulale, kwa kuwa giza lilikuwa limeingia na moshi wa mbuga zilizokuwa zikichomwa ulikuwa umetanda barabarani. Nilikataa. Kesho yake ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa na wimbo mpya ambao kwaya ilikuwa imeufanyia mazoezi kwa miezi miwili. Tulikuwa tumebakiza kilomita zisizozidi 40 kufika nyumbani nilipoligonga lori la mizigo lililokuwa limeharibika na kuachwa njiani bila taa, bila hata matawi ya kuonya. Mdogo wangu alifariki pale pale. Mimi nilivunjika mguu, nikalazwa majuma matatu, na kilio pamoja na maziko yake vilifanyika nikiwa kitandani.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Harufu ya majani yanayoungua hunitoa jasho, na honi ya lori hunifanya nishike ukuta kama mtoto. Siendeshi gari tena. Wimbo ule sijauongoza hata mara moja, na siku hizi nyimbo nyingine pia zinanikwama kooni.

Daktari aliyenitibu aliniandikia vidonge na kunielekeza kwa mwanasaikolojia wa hospitali, ambaye nimekutana naye mara tano, kila Alhamisi. Ni dada mpole, mdogo kwangu kwa umri. Lakini siku nilipomwambia kwamba Mungu ananiadhibu, alinyamaza, akaandika kitu katika daftari lake, kisha akaniuliza nilikuwa nimelala saa ngapi. Kuanzia hapo sijamtaja Mungu mbele yake. Ninamwacha mlangoni kama mtu anavyoacha mwavuli.

Upande wa pili yuko mchungaji wangu, ambaye ninamheshimu kama baba, kwani ndiye aliyeibariki ndoa yangu. Anasema kwamba mtu aliyesamehewa akiendelea kwenda kusimulia habari zake kwa wanasaikolojia anaikana damu ya Kristo, na kwamba sasa nichague. Kikundi cha maombi kimeniambia kwamba roho ya mauti inanifuata, kikanipangia mfungo wa siku 21 na kunitaka niache vidonge kuwa ishara ya imani. Nimeviacha siku tisa zilizopita. Ninapata kizunguzungu, ndoto mbaya zimerudi kwa nguvu kuliko mwanzo, nao wanasema kwamba hiyo ni roho inayokataa kutoka. Mke wangu analia kwa siri, akidhani simwoni.

Mama, nimetubu mara nyingi hata nimepoteza hesabu. Mbona moyo hautulii? Je, ni dhambi kwenda kwa mwanasaikolojia? Au nitafute wa Kikristo, atakayeomba pamoja nami? Usiku mwingine ninafikiri kwamba ingekuwa afadhali mimi ndiye niliyelala kaburini mahali pa mdogo wangu.

Mwongozaji asiyeimba, Katuba

*

Ndugu yangu,

Pole kwa msiba, na pole kwa mwaka mzima wa kuubeba ukiwa umesimama mbele ya kwaya.

Kabla hatujafika kwenye mambo ya imani, kuna mawili yasiyoweza kungoja. La kwanza ni sentensi yako ya mwisho, ambayo uliiweka chini kabisa, mahali ambapo watu huweka neno zito wakitumaini kwamba msomaji atalipita. Sikuipita. Watu wengi waliofiwa kwa namna yako hutamani wangekufa wao, na kutamani huko peke yake si jambo la ajabu. Lakini kama umeanza kufikiri ni lini au ni kwa njia gani ungeweza kuyaondoa maisha yako, usingoje Alhamisi. Nenda hospitali usiku huo huo, na asikuache mtu uende peke yako. Hata kama hujafika huko, mwambie mke wako leo maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Mwanamke anayelia kwa siri tayari anajua kwamba kuna jambo. Asichojua ni ukubwa wake, na pengine anakisia makubwa kuliko yaliyopo.

La pili ni vidonge. Dawa za namna hiyo zikikatwa ghafla, mwili hulalamika: kizunguzungu, kichefuchefu, wasiwasi, usingizi wa vipande vipande, ndoto kali zenye rangi. Mambo hayo yanafahamika kwa madaktari, nayo huwapata Wakristo, Waislamu na wasio na dini vilevile. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, mweleze kwamba umeviacha siku tisa, na umwache yeye aamue kama utaanza tena na kwa kipimo gani. Usiamue mwenyewe nyumbani. Mfungo usimame kwanza. Sijapata kusikia kanisa linalomdai mgonjwa mfungo, na kikundi kinachomwondolea mtu dawa ambayo hakikumwandikia kimeshika kazi isiyokuwa yake, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Sasa tuje kwa yule dada na daftari lake.

Ninamwelewa, kwa sababu nilifundishwa kama alivyofundishwa yeye. Fani yetu imekuwa na ugomvi wa zamani na dini. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya kumsikiliza mgonjwa akisimulia yaliyomo moyoni, aliandika kitabu mwaka 1927 akiiita dini njozi tu, na wengi waliomfuata walirithi hukumu hiyo kuliko walivyorithi subira yake ya kusikiliza. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mmoja wa marafiki zake wa kudumu alikuwa mchungaji, Oskar Pfister wa Zürich, ambaye alitumia mbinu hizo hizo za Freud kuwasaidia waumini wake, akamjibu hadharani mwaka 1928, na urafiki wao haukuvunjika hadi Freud alipofariki mwaka 1939. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na watu waliokaa katika vyumba vyote viwili. Hata hivyo wengi wetu tulitoka darasani tukiwa na hofu ya kugusa imani ya mgonjwa, tukidhani kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Mara nyingi mgonjwa huusoma unyamavu huo kama mlango uliofungwa, na ndivyo ulivyousoma wewe.

Lakini liko kosa la upande wa pili, na hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alinijia mjane mmoja ambaye, katika mkutano wetu wa pili, alianza kumlalamikia Mungu kwa maneno makali. Mimi, Mkristo niliyelelewa katika familia ya sala, sikustahimili. Nilimshika mikono nikaomba, ombi refu na zuri. Alishukuru, akaondoka, akaendelea kuja kwa miezi kadhaa, lakini hasira ile hakuileta tena mbele yangu hata siku moja, kwa kuwa alikuwa amejifunza kwamba mimi ni mtu wa upande wa Mungu na kwamba kesi yake haiwezi kusikilizwa kwangu. Tangu hapo, ninapojisikia nina haraka ya kuomba na mgonjwa, hujiuliza kwanza ni nani kati yetu anayeshindwa kuvumilia uchungu uliomo chumbani. Mara nyingi ni mimi. Siku hizi sianzishi maombi. Mgonjwa akiyataka, humwuliza angependa kumwambia Mungu nini, naye huomba mwenyewe kwa maneno yake, nami hukaa kimya pamoja naye; kisha tunarudi kwenye maneno aliyoyatamka, kwa sababu humo ndimo kazi ilimo.

Ndiyo maana sikushauri umwache dada huyo ili kutafuta mwanasaikolojia wa Kikristo. Mwaka 1992 Rebecca Propst na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti juu ya waumini wenye sonona, yaani ile huzuni nzito inayomlemaza mtu. Baadhi yao walipewa tiba ya mazungumzo ya kawaida, na wengine tiba ile ile ikiwa imeunganishwa na imani yao, kwa maandiko na taswira za Kikristo. Waliopewa tiba iliyounganishwa na imani walipata nafuu nzuri, na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba waliofaulu zaidi kuitoa walikuwa watabibu wasiokuwa na dini. Huo ni utafiti mmoja wa watu wachache, siujengei nyumba. Lakini unatosha kukuonyesha kwamba imani inayohitajika chumbani ni ya mgonjwa, na kwamba mtabibu anaweza kuifanyia kazi kwa uaminifu bila kuikiri. Wapo Wakristo waliosomea kazi hii vizuri, nami ninawaheshimu. Wapo pia wanaojiita washauri wa Kikristo ambao hawakusomea chochote, na neno hilo la Kikristo ndilo hati yao pekee. Ukiulizia, uliza kwanza mtu amesoma nini na wapi, kisha ndipo uulize anasali wapi.

Alhamisi ijayo mwambie hivi, au usome kutoka kwenye karatasi kama sauti itakukwama: "Siku ile nilipokuambia kwamba Mungu ananiadhibu, ulinyamaza, nami nikadhani kwamba jambo hilo halina nafasi hapa. Kwangu mimi ndilo jambo lenyewe. Ningependa tulizungumze." Mtabibu aliyefundishwa vizuri atashukuru. Akikujibu kwamba imani yako ndiyo ugonjwa wako, hapo utakuwa na sababu halali ya kutafuta mwingine. Lakini kutokana na ulivyomweleza, sidhani kwamba atajibu hivyo.

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu swali lako la toba ndilo gumu kuliko yote. Unauliza mbona umetubu na moyo hautulii. Mimi ninakuuliza: umetubu nini? Ukilisema kwa sauti, nadhani litatoka hivi: "Nilikataa kulala Likasi, na kwa sababu hiyo ndugu yangu akafa." Litazame vizuri. Kukataa kulala kwa mama ili uwahi ibada si dhambi katika kitabu chochote ninachokijua. Unaomba usamehewe jambo ambalo Mungu hakukudai, na kwa kuwa halikudaiwa, hakuna risiti inayoweza kukufikia; basi unarudi tena kesho na keshokutwa kulilipa upya. Wakati huohuo yapo mambo mengine ya usiku ule ambayo hujayapima hata kidogo.

Kuna zoezi tunalolitumia. Wenzetu wa mbali huchora duara na kulikata vipande. Mimi hutumia bonge la bukari, yaani ugali, kwa kuwa kila mtu anajua kulimega. Chukua kwamba bonge zima ni sababu zote za ajali ile. Megea kwanza aliyeliacha lori njiani bila taa wala matawi. Wamegee waliochoma mbuga, na giza, na hali ya barabara. Megea uchovu wako, kama ulikuwa umechoka, na mwendo wako, kama ulikuwa mkubwa. Usijipunje wala usijirundikie, sema kweli tu. Sehemu yako ikabaki mwisho sahanini. Mara nyingi mtu huanza zoezi hili akiwa amelila bonge zima peke yake. Pengine kitabaki kipande kilicho chako kweli, na hicho ndicho unachoweza kumpelekea Mungu na mchungaji wako kwa toba ya kweli, kwa sababu kina ukubwa unaojulikana.

Tiba yenye mazoezi ya namna hii, iliyobuniwa Marekani na mwanasaikolojia Patricia Resick, huzitafuta fikra ambamo mtu amekwama baada ya tukio la kutisha, kisha huzichunguza moja baada ya nyingine kama hakimu anavyochunguza ushahidi. Usidhani kwamba ni mambo ya Wazungu yasiyotufaa. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mashariki mwa nchi yetu, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipewa tiba hiyo wakiwa katika vikundi. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Walioendesha vikundi walikuwa wasaidizi Wakongomani, wala si madaktari. Miezi sita baada ya tiba, dalili za sonona au wasiwasi mkubwa zilikuwa zimebaki kwa asilimia 9 ya wanawake wa vikundi, na kwa asilimia 42 ya wale wengine.

Fikra kwamba Mungu ananiadhibu ni fikra iliyokwama kama hizo nyingine, nayo ina uzito wa peke yake. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament, ambaye ameitumia kazi yake yote kuchunguza namna watu wanavyoishika dini wakati wa shida, ameonyesha kwamba anayejiona ameandamana na Mungu katika taabu kwa kawaida hustahimili vizuri zaidi, na anayejiona ameadhibiwa au kuachwa na Mungu huelekea kuwa katika hali mbaya zaidi. Dini ile ile, Biblia ile ile. Kwa hiyo fikra hiyo inastahili kuchunguzwa na mwanasaikolojia wako kwa upande wa athari zake, na kuchunguzwa kwa maandiko na mtu wa kanisa. Kwa hili la pili, fungua Luka 13. Watu 18 waliangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa, na Yesu akawauliza waliomzunguka kama walidhani kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Kisha akajijibu mwenyewe kwamba sivyo. Hakueleza kwa nini mnara ulianguka. Soma mlango huo pamoja na mchungaji wako, umwombe akuambie kama lori la barabara ya Likasi ni tofauti na mnara ule.

Nami ninaposema mchungaji, sisemi kwa kumdharau. Hapa mjini kwetu kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Mabruda wa Upendo kinachoitwa kwa jina la Joseph Guislain. Wengi wanalitaja jina hilo bila kujua lilitoka wapi. Guislain, aliyezaliwa mwaka 1797, alikuwa daktari wa Gent, Ubelgiji, na aliyefanya kazi pamoja naye alikuwa padri, Petrus Jozef Triest, ambaye mwaka 1807 alianzisha shirika la mabruda hao. Wakati ambapo wagonjwa wa akili walifungwa minyororo, daktari na padri walikaa pamoja wakaandaa kanuni za kuwatunza kama binadamu. Huyu hakumwambia mgonjwa achague kati yake na yule.

Mchungaji wako anayo kazi ambayo mwanasaikolojia hawezi kuifanya, na nadhani hajaombwa kuifanya. Ndugu yako alizikwa ukiwa hospitalini. Hukusimama kaburini, hukutupa udongo, hukuimba. Mwombe mchungaji akupeleke huko, siku ya kazi isiyo na watu, wewe na mke wako na yeye, akusomee ibada ya maziko ambayo hukuisikia. Ukimwendea hivyo, humletei mjadala wa saikolojia. Unamletea mwana wake aliyefiwa. Nadhani ataona mwenyewe mahali pake ni wapi. Mtaarifu na mwanasaikolojia wako kabla, ili mwiandae siku hiyo pamoja, kwani kumbukumbu zinaweza kuja kwa kishindo. Hao wawili wakitaka kuzungumza juu yako, ni kwa ruhusa yako na kwa mambo uliyoyaruhusu tu; habari ya chumba cha tiba isije ikawa ombi la hadharani siku ya Jumatano. Kikundi cha maombi kiambie kwa upole kwamba unahitaji sana maombi yao, na kwamba mambo ya vidonge yako kwa daktari.

Kuhusu kwaya, omba upumzike kuongoza, lakini usikae nyumbani Jumapili. Kaa kwenye besi, uimbe unapoweza, unyamaze usipoweza. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa nyimbo, nikutajie mmoja ambao sijasikia kwaya yoyote ya hapa ikiuimba: Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za huzuni hugeuka mwishoni kuwa sifa. Hiyo haigeuki, huanza kwa kilio na kuishia gizani, na waliozikusanya zaburi hawakuona haya kuiweka humo. Unaweza kumpelekea mwanasaikolojia wako nakala yake, umwonyeshe mstari ulio wako.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Uliandika kwamba mama yenu aliwasihi mlale, nawe ukakataa, kisha hukumtaja tena. Ninashangaa ni mara ngapi mmezungumza juu ya usiku ule. Wewe unasema moyoni, "Ningalikubali." Naye, ninavyowajua akina mama, huenda yuko Likasi anasema, "Ningalimzuia." Barabara ile bado huiwezi, basi anza kwa simu. Mpigie jioni moja, umwulize anaukumbuka vipi usiku ule, umwache aseme mpaka amalize.

Mama Mshauri